UZI: Baba watoto alipeleka maombi mahakamani apunguziwe hela ya matunzo. Hivi ndivyo nilivyojibu, hapa hapa Tanga

MamaMahamri (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Humu nimekuwa msomaji wa kimya tangu mimba ya kwanza, leo naandika mimi. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye samansi mkononi avute kigoda.

Mwaka jana mwezi wa tatu, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, nipo na karai langu Makorora, wateja wameegesha baiskeli kila upande kama ilivyo ada ya Tanga. Akaja kijana na bahasha ya kaki. Akaniuliza jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo pale mtaani analijua mama yangu na mwenyekiti wa mtaa tu. Nikajua hapa hakuna heri. Akanitolea karatasi, akataka nisaini kwenye nakala yake kwamba nimepokea. Jirani yangu wa chipsi akanikonyeza: "Shoga usisaini! Usiposaini hawana kesi."

Nikasaini, mikono na unga wangu. Niliyajua haya kwa sababu 2021 nilikuwa upande wa pili, mimi ndiye niliyempelekea yeye samansi, akakataa kuipokea. Unajua kilichotokea? Mpeleka samansi alirudi mahakamani akaapa kwamba amemkuta, amemwonyesha, amekataa. Kesi ikaendelea bila yeye, na amri ya kwanza ikatoka akiwa kijiweni anacheza bao. Kwa hiyo anayewaambia msisaini anawachimbia shimo, hata kama anawapenda.

Historia kwa ufupi. Tuliachana kwa talaka, watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 6 wakati huo. Amri ya 2021 ilisema alete 150,000 kwa mwezi. Alikuwa dereva wa lori, alileta vizuri, sitamsingizia. Ilipofika Oktoba ya mwaka juzi akakata. Desemba akatuma 80,000 ya nguo, kisha kimya mpaka siku ya bahasha.

Ndani ya bahasha kulikuwa na vitu vitatu: wito wenye tarehe ya kufika, hati ya maombi yenyewe inayosema anaomba nini, na kiapo chake cha aya 11 kinachosema kwa nini. Alitaka 150,000 ishuke iwe 50,000. Sababu zake: ameachishwa kazi na hana kipato chochote, ameoa na ana mtoto mchanga, mimi nina "biashara kubwa ya chakula", na watoto wanasoma shule ya serikali ambako elimu ni bure kwa hiyo matumizi hakuna.

Hiyo ya biashara kubwa niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya karai moja na jiko la mkaa.

Usiku ule niliandika majibu. Kurasa 9, mbele na nyuma. Nilianza na siku ya harusi. Nikaingia kwa mama mkwe, nikaenda kwa yule mwanamke wa Mabawa, nikaweka hata habari ya kitanda alichokiuza nikiwa nimelazwa hospitali ya Bombo. Nililia, nikalala vizuri sana. Kesho yake nikampelekea msaidizi wa kisheria wa mtaa wetu, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Akasoma zote tisa bila kusema neno, akiwa na kalamu nyekundu mkononi kama vile anasahihisha insha. Mwisho akaniambia: "Mwanangu, hapa umemjibu mume. Kiapo chake hakijajibiwa bado."

Ngoja nigeuze mahamri, nakuja.

BahariaWaDeepSea

Nimeweka kigoda. Ila bila picha ya mahamri uzi hauna maana.

Kinyozi wa Ngamiani

Yaleyale. Mwanamke akishikwa pabaya anakuja kutafuta huruma mtandaoni. Mtu kapoteza kazi, mnataka alete figo?

MamaMahamri

Kaka kinyozi, subiri mwisho, huenda ukanishangaa.

Naendelea. Yule mwalimu aliniketisha, akachukua kiapo cha baba watoto, akaniambia kila aya ina majibu ya aina tatu tu. Unaikubali. Unaikanusha. Au hulijui jambo hilo, kwa hiyo unasema hulijui na mwenye kulisema alithibitishe. Hakuna aina ya nne inayoitwa kumpasha. Na aya usiyoigusa kabisa ni hatari, mahakama inaweza kuichukua kwamba umeikubali.

Basi tukaanza. Aya ya 1 hadi ya 3, majina yetu, talaka, watoto: tukaandika zinakubaliwa. Aya ya 5, kwamba ameoa na ana mtoto mchanga: inakubaliwa. Hapo niligoma. Nikamwambia mwalimu, nitakubalije ndoa ile? Akasema, "Yule mtoto amezaliwa au hakuzaliwa?" Amezaliwa. "Basi."

Aya ya 6, kwamba hana kipato chochote. Mimi nilitaka kuandika kwamba majirani wote wanajua anaendesha bajaji. Mwalimu akanikata: "Majirani waape viapo vyao. Wewe unaapa ulichokiona kwa macho yako." Ikabidi nifikirie, macho yangu yameona nini? Kumbe Februari nilikuwa stendi ya Kange nampokea mdogo wangu kutoka Dar, nikamwona mwenyewe anapakia abiria kwenye bajaji, tena akajifanya kufunga kamba ya kiatu. Tarehe naikumbuka kwa sababu tiketi ya mdogo wangu ninayo. Hiyo ndiyo ikaingia. Mstari mmoja, siku, mahali, nilichoona. Nikaongeza kwamba hakuambatanisha barua yoyote ya kuachishwa kazi. Mwanzoni niliandika "ni mwongo mkubwa asiye na haya", ikala kalamu nyekundu.

Aya ya 7, biashara yangu kubwa. Hapa nawaomba wanawake wenzangu mnisikilize. Hamu ya kwanza ni kusema sina kitu, mimi maskini wa Mungu. Usiseme hivyo. Niliandika ukweli: nauza mahamri na mbaazi kuanzia alfajiri mpaka saa nne, nikitoa unga, mafuta, sukari, nazi na mkaa hubaki kama 8,000 kwa siku nzuri, siku za mvua hubaki hasara. Kwa mwezi wa siku 26 haifiki 210,000. Nikaambatanisha kurasa tatu za daftari langu la biashara.

Aya ya 9 ndiyo iliyonikalisha siku mbili. "Elimu ni bure, matumizi hakuna."

Ni kweli, tangu Januari 2016 serikali ilifuta ada shule za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Sikukanusha hilo, ningekanusha ningeonekana sina akili. Nilichofanya ni kukubali kwamba ada hakuna, halafu nikaorodhesha kinachobaki ada ikiondoka. Mtoto haendi shule na ada, anaenda na tumbo na viatu.

Daftari la watoto nilikuwa nalo, si la kesi, ni tabia niliyoirithi kwa marehemu baba, alikuwa na duka la rejareja Duga. Hesabu ya mwezi kwa wawili hao ilikuwa hivi: chakula cha nyumbani 90,000. Hela ya kushika mkononi shuleni 500 kila mmoja, kwa siku 22, ni 22,000. Mchango wa chakula cha mchana shule 20,000. Fungu lao la kodi ya chumba, tunalipa 60,000 tuko watatu, lao 40,000. Madrasa 6,000. Sare, viatu na madaftari, ukigawa ya mwaka mzima kwa miezi 12, 15,000. Matibabu hivyo hivyo 12,000. Jumla 205,000. Hapo hakuna soda wala bembea ya Tangamano sikukuu.

Yaani kati ya 205,000 mimi naombwa nibaki na 155,000, na yeye 50,000. Hesabu hiyo sikuipigia kelele. Niliiandika tu na kuiacha ijisemee.

Na jambo jingine ambalo dada yangu alinigombeza: ile 80,000 ya Desemba. Yeye kwenye kiapo chake hakuitaja, aliisahau. Dada akasema nyamaza, kwani kakuuliza nani? Mwalimu akasema iandike. Nikaiandika, na taarifa ya miamala ya simu nikaiweka kama kiambatanisho. Miezi mitano ya deni ni 750,000, toa 80,000, inabaki 670,000.

Kiapo chote kikatoka kurasa 3.

Karani Mstaafu

Binti, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, natamani watu wote wangeandika hivi. Mniruhusu niongeze ya sheria kidogo, maana vijana humu wanatupia vifungu kama kokoto.

Wajibu wa baba kutunza watoto wake upo kwenye kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: makazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo na hali yake, watoto wawe kwake au kwa mwingine. Halafu ipo Sheria ya Mtoto Namba 21 ya 2009, ambayo ndiyo iliyoleta Mahakama ya Watoto. Pale hakimu akitaka kupanga kiasi anaangalia kipato na mali za wazazi WOTE WAWILI, kama kuna kilichopunguza uwezo wao wa kutafuta, mzigo wa watoto wengine anaowatunza huyo mzazi, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Sasa rudini msome kiapo cha huyu binti. Kila aya inagusa mojawapo ya hayo. Kitanda kilichouzwa hakimo kwenye orodha hiyo.

Na anayedhani amri ya matunzo ni msumari uliokwisha kugongelewa, hapana. Hali ikibadilika kweli, mzazi yeyote ana haki ya kuomba ipandishwe au ishushwe. Baba watoto hakufanya kosa kuomba. Kosa lake ni kukata mwenyewe tangu Oktoba halafu kwenda kuomba Machi. Amri hudumu mpaka mahakama iibadilishe, haibadilishwi na mfuko wako.

Kinyozi wa Ngamiani

Mzee shikamoo. Hapo kwenye "wazazi wote wawili" umenigusa, hilo hatuambiwi. Swali langu: mimi nalipa kila mwezi, 70,000, risiti ninazo. Lakini mtoto simwoni, mama yake kahamia Muheza, kila nikienda naambiwa yupo kwa bibi. Kwa nini nisizuie mpaka nimwone?

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usizuie. Matunzo ni ya mtoto na kumtembelea ni haki yenu wewe na mtoto, hazibadilishani kama nazi kwa samaki. Ukizuia, kesho unaitwa mdaiwa, na hoja yako nzuri ya kunyimwa mtoto inazikwa chini ya deni. Peleka maombi yako mwenyewe ya kupangiwa siku za kumwona, Sheria ya Mtoto inaruhusu, na hizo risiti ndizo zitakazokubeba.

BintiPangani

Jamani na sisi ambao hatukuolewa? Nina mtoto wa miaka miwili, baba anasema si wake, yupo Pangani hapa hapa anavua. Mjomba ananiambia mtoto wa nje hana chake, nikienda mahakamani nitapewa shilingi mia.

Karani Mstaafu

Mjomba wako ana kumbukumbu nzuri ya mambo yaliyokufa. Zamani kulikuwa na sheria ya mtoto wa nje ya ndoa, na kiwango chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, kweli kabisa, ilikaa hivyo mpaka mia ikawa hainunui hata pipi mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Sasa mtoto ni mtoto, na kiasi kinapangwa kwa vigezo nilivyotaja juu.

Kuhusu kukana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, kinafanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wewe mwenyewe huwezi kwenda mlangoni na mtoto mgongoni ukasema mpimeni, ombi lipitie mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii. Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, wengi hukiri wakiitwa pale tu, hata kabla ya mahakama.

BintiPangani

Ahsante babu. Jumatatu nakwenda.

MtuWaPongwe

Mimi wakili mmoja aliniambia njia ya mkato ni kuweka pingamizi la awali, kesi inatupwa kabla haijasikilizwa.

MamaMahamri

Kaka wa Pongwe, pingamizi ni la hoja ya sheria, kama mahakama haina mamlaka au nyaraka zina kasoro. Wengine wanafanikiwa. Lakini kesi ikitupwa kwa kasoro mwenzio anarekebisha, anarudi mwezi ujao, na wewe umelipa wakili. Kwangu mimi ilikuwa heri kumalizana.

Sasa niwape niliyokosea, maana nisije nikaonekana nilizaliwa nayajua.

Kosa la kwanza: nilisaini kiapo nyumbani, kwa raha zangu, kalamu ya bluu, nikapanda bajaji kwenda mjini kwa kamishna wa viapo. Akaniangalia juu ya miwani. "Umesaini mbele ya nani?" Mbele ya jiko. Kiapo kinaapwa mbele yake, unasaini anakuona, na yeye anaandika ni mahali gani na tarehe gani umeapa, ndipo anagonga muhuri. Pasipo mahali na tarehe, karatasi hiyo ni barua tu. Nikarudi kuchapisha ukurasa wa mwisho upya, duka la kuchapa la karibu umeme umekatika, nikazunguka mpaka barabara ya 12 ndipo nikapata mashine inayofanya kazi. Siku nzima iliisha. Kwa hiyo msiache hadi siku ya mwisho.

Siku zenyewe za kujibu, msisikilize siku za kijiweni. Mmoja atakwambia 7, mwingine 14, mwingine 21. Soma wito wako, au kama hakimu ndiye aliyepanga mkiwa mbele yake, andika tarehe aliyoitamka hapo hapo kiganjani. Yangu ilipangwa siku ya kutajwa kwa kesi: mimi niwasilishe kiapo kinzani, yaani hicho cha kumjibu, lini, yeye kama ana la kujibu alete lini, na kusikilizwa lini. Nyaraka siku hizi zinaingizwa kwenye mfumo wa mahakama wa mtandao, unapewa namba ya malipo kama kuna cha kulipa. Mimi sina kompyuta, msaidizi wa kisheria alinisaidia. Na nakala lazima imfikie mwenzio, usikae na ushindi wako kwenye pochi.

Lugha isiwatishe. Kuanzia mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kiapo changu chote kilikuwa Kiswahili, na nilikielewa mstari kwa mstari. Kile cha 2021 niliandikiwa Kiingereza, niliapa kwa Mungu kwamba maneno ni kweli na sikujua yanasema nini. Mpaka leo naona haya.

Kosa la pili, mnicheke tu. Siku ya kusikilizwa, chumba kidogo, watu wengine wote wametolewa nje kwa sababu kesi za watoto zinasikilizwa kwa faragha. Hakimu mkazi anapitia viambatanisho vyangu taratibu. Akafika ukurasa mmoja wa daftari la watoto, akasimama. "Kitenge doti moja, 18,000. Huyu ni mtoto yupi anayevaa kitenge?"

Ndugu zangu, kilikuwa cha shughuli ya binamu yangu. Nilikiandika ukurasa ule ule kwa sababu nilinunua siku moja na viatu vya shule. Kwenye ile jumla ya 205,000 hakikuwemo, lakini kwenye ukurasa kipo kinachungulia. Baba watoto akaguna kwa kejeli. Nikasema, "Mheshimiwa, ni changu, kimeingia kwa bahati mbaya, naomba kisihesabiwe." Akaandika kitu, akaendelea. Nilitoka jasho mpaka ushungi ukalowa.

Kilichoniokoa nadhani ni ile 80,000. Maana alimgeukia yeye, akamuuliza, "Hii uliyotuma Desemba mbona hukuieleza?" Akajibu amesahau. Hakimu akasema, mjibu maombi, yaani mimi, amekukumbusha. Hapo hata mimi nilimwonea huruma.

Kinyozi wa Ngamiani

Dada, naanza kukushangaa kama ulivyosema. Bajaji je? Alikiri?

MamaMahamri

Alikiri. Alisema si yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, kinachobaki si cha kuaminika. Na hilo lilikuwa kweli, ninavyojua bajaji za hapa mjini. Hakimu aliagiza afisa ustawi wa jamii aende kwake na aje kwangu, alete taarifa. Yule dada wa ustawi alikuja saa kumi jioni bila kupiga simu, akakuta wa kiume anaoga barazani na wa kike ameshika daftari. Alikaa dakika 40. Aliwauliza watoto wanakula nini asubuhi, wakasema mahamri, kila siku mahamri, kwa sauti ya kuchoka. Sijui aliandikaje hilo.

Kuhusu meseji, kuna aliyeniuliza faragha. Mimi nilikuwa na meseji zake za WhatsApp anasema "sitoi tena nenda kokote." Ushahidi wa simu unakubalika, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imefungua mlango huo, ila uwe tayari kueleza umetoka simu gani, namba gani, na kwamba hukuchezea. Chapisha mazungumzo yote ya siku ile, usikate kipande chako kitamu. Yangu ukisoma yote, juu yake mimi nimemtukana kwanza. Nikaamua ibaki nyumbani.

BahariaWaDeepSea

🤣🤣 Mwalimu kalamu nyekundu kakulea.

Dada wa Chumbageni

Mleta uzi, wasioweza kulipa wakili waende wapi? Si kila mtaa una mwalimu.

MamaMahamri

TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Tanga, wanasaidia hasa wanawake na watoto. Wasaidizi wa kisheria wapo kata nyingi, kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Na mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, mahakama wenyewe hutoka nje kutoa elimu bure. Mimi 2022 nilipita pale kwenye mahema yao nikidhani wanagawa vyandarua.

Mrejesho sasa, maana najua mnaousubiri. Uamuzi ulitoka mwezi wa saba. Mahakama ilikubali kwamba hali yake imebadilika: si dereva wa lori tena na ana mtoto mwingine. Haikukubali kwamba hana kipato, wala kwamba watoto hawana matumizi. Kutoka 150,000 ikashuka 120,000, na sare za Januari ni juu yake. Deni la 670,000 halikufutwa, alipe kidogo kidogo, 33,500 kwa miezi 20.

Dada yangu anasema nimeshindwa kwa sababu nimepungukiwa 30,000. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa 100,000, na kwa kweli yule mchanga naye anakunywa maziwa. Mpaka mwezi uliopita analeta. Mara mbili alichelewa, akapiga simu mwenyewe kusema. Hajawahi kupiga simu namna hiyo tangu tuachane.

Kinyozi wa Ngamiani

Nimesoma mpaka mwisho. Nifute kile cha juu au nikiache?

MamaMahamri

Kiache kaka, watu waone.

Mgeni wa Sahare

Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni baba. Nimeletewa samansi ya kufika Alhamisi hii, lakini bahasha ina wito peke yake, hakuna kiapo wala maombi. Mke wangu wa zamani ndiye kafungua. Nifanye nini? Nifike au nisubiri waniletee vizuri?

MamaMahamri

Karibu kaka. Fika. Usisubiri. Kesho asubuhi nenda masjala ya mahakama iliyoandikwa juu ya huo wito, shika samansi yako na kitambulisho, waambie umepata wito bila maombi na kiapo, unaomba nakala. Ukizipata, uzisome usiku, kila aya weka alama pembeni: ndiyo, hapana, sijui. Usipozipata, Alhamisi kesi ikiitwa simama, sema jina lako, mweleze hakimu kwamba hujapewa nyaraka na unaomba upewe pamoja na muda wa kujibu. Beba risiti zote za ulichokwisha kutuma, hata za elfu tano.

Na kama kuna mwezi hukutuma, uuandike pia. Ukikwama niulize hapa, ila baada ya saa nne, kabla ya hapo nipo kwenye karai.